Vidonge vya 'kuondoa sumu' machoni: kabla hujamnunulia mwenye kisukari, soma hapa

Mama mmoja msomaji wa safu hii alinitumia picha ya kopo kwa WhatsApp. Mumewe, mwenye miaka 46, aligundulika ana kisukari mwezi uliotangulia, alipokwenda hospitali kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Hata hajazoea kumeza dawa alizoandikiwa, shemeji yao akaja na habari ya kopo hilo: vidonge 60, vya mwezi mmoja, shilingi 180,000. Kwenye lebo kumechorwa jicho la bluu, na chini yake maelezo kwamba ndani mna antioksidanti zinazolinda seli za fahamu za jicho la mwenye kisukari zisife. Mama huyo alitaka kujua kama ni kweli, maana ada ya mtoto wa pili inasubiri na pesa ni hiyo hiyo.

Ningependa jibu liwe jepesi, kwamba ni utapeli, tuendelee na mambo mengine. Siyo hivyo. Aliyeandika lebo ile amechukua jambo la kweli kabisa kutoka maabara, akalikata katikati, akauza nusu. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoihusu familia yako zaidi.

Jicho huumia kabla halijauma

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Wengi tumezoea kuufananisha na filamu ya kamera, lakini mfano huo unaficha jambo moja kubwa: retina ni sehemu ya ubongo. Mtoto akiwa tumboni, macho yake huchomoza kutoka kwenye ubongo unaojengeka, na utando huo hubaki umejaa seli za fahamu. Zipo zinazopokea mwanga, zipo zinazouchambua, na zipo zinazosafirisha habari kwenda nyuma ya kichwa, ambako ndiko tunakoonea hasa. Kazi hiyo inakula nguvu nyingi. Ukilinganisha kwa uzito, retina ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko nyingine zote.

Kwa miaka mingi madhara ya kisukari kwenye jicho yalihesabiwa kuwa ugonjwa wa mishipa midogo ya damu. Ndivyo daktari anavyoyaona akimulika: vivimbe vidogo kama vichwa vya pini kwenye mishipa, matone ya damu, maji na mafuta yaliyovuja. Mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walitoa ripoti iliyobadilisha mazungumzo hayo. Walichunguza retina za panya waliosababishiwa kisukari. Baada ya mwezi mmoja tu, seli za retina, nyingi zikiwa za fahamu, zilikuwa zinakufa mara kumi zaidi ya zile za panya wazima. Dalili kama hizo walizikuta pia kwenye macho ya watu waliofariki wakiwa na kisukari.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Mashine za kisasa zinazopiga picha ya matabaka ya retina zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya wenye kisukari, tabaka la seli za fahamu huanza kuwa jembamba wakati mishipa ya damu bado inaonekana safi. Wengine hupungukiwa uwezo wa kutofautisha rangi ya bluu na njano, au wa kuona kitu cha kijivu kilichowekwa mbele ya ukuta wa kijivu, au huchukua muda mrefu kuzoea giza wakitoka juani. Na bado mtu huyo huyo ukimsimamisha mbele ya chati ya herufi, anaisoma mpaka mstari wa chini, anarudi nyumbani akitamba kwamba macho yake ni ya kijana.

(Tafadhali usimpime baba kwa kumwonyesha shuka ya bluu na ya njano sebuleni. Mabadiliko haya ni madogo, hupimwa kwa vifaa, na umri peke yake unaweza kuyaleta.)

Mkaa mwingi, moshi mwingi

Sasa tuje kwenye hiyo 'sumu'. Fikiria jiko la mkaa. Ndani ya kila seli ya mwili kuna vinu vidogo vya nishati, mitokondria, vinavyounguza sukari kwa oksijeni ili kupata nguvu. Hata siku njema vinu hivyo hutoa moshi kidogo, yaani chembe za oksijeni zisizotulia ambazo zikigusa kitu hukiharibu. Mwili unalijua hilo na una wafagiaji wake. Hao ndio antioksidanti. Nyingine mwili huzitengeneza wenyewe, nyingine tunazila: vitamini C, vitamini E, luteini iliyomo kwenye mboga za majani, na kadhalika.

Seli za misuli husubiri insulini iwafungulie mlango ndipo zichukue sukari. Za retina hazisubiri. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani yake. Jiko linajazwa mkaa mpaka juu na hakuna wa kuupunguza, moshi unawashinda wafagiaji. Na retina ni mahali pabaya pa kuwa na moshi, kwa sababu kuta za seli zake zina mafuta mengi ya aina inayoharibiwa haraka na oksijeni. Kibaya zaidi, moshi huo huviumiza hata vinu vyenyewe, na kinu kibovu hutoa moshi mwingi zaidi. Maelezo haya yalipangwa vizuri mwaka 2001 na Michael Brownlee, mtafiti wa New York, alipoonyesha jinsi sukari nyingi inavyoanzisha uharibifu wa macho, figo na mishipa ya fahamu kwa njia inayofanana.

Kwa hiyo 'sumu' hapa siyo uchafu uliokaa tumboni ukisubiri kuharishwa. Anayekuuzia chai ya kusafisha tumbo akakuambia inasafisha na macho, anachanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Ukishaelewa habari ya moshi, wazo la kuongeza wafagiaji linakuja lenyewe. Watafiti nao waliliwaza. Renu Kowluru na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit waliwalisha panya wenye kisukari mchanganyiko wa antioksidanti, na retina zao zikaharibika kidogo kuliko za wenzao ambao hawakupewa. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, waliwapa panya luteini na wakaona seli za fahamu za retina zinalindwa. Hayo yote ni kweli. Hapo ndipo lebo ya kopo lile inapoishia.

Kwa binadamu je?

Vitamini E ndiyo iliyojaribiwa kwa watu wengi zaidi. Katika utafiti mkubwa uitwao HOPE, zaidi ya watu 3,600 wenye kisukari walifuatiliwa kwa wastani wa miaka minne na nusu. Nusu yao walimeza vitamini E ya kipimo cha juu kila siku, nusu walimeza kidonge kisicho na kitu, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 hayakuonyesha faida yoyote. Wanaomeza vitamini walihitaji matibabu ya leza machoni sawa na wasiomeza.

Ikaja zamu ya asidi ya alfa-lipoiki, ambayo utaikuta kwenye makopo mengi ya aina hii. Watu 467 wenye kisukari aina ya pili walishiriki kwa miaka miwili, wengine wakipewa miligramu 600 kila siku. Ripoti ya mwaka 2011 ilisema haikuzuia uvimbe wa sehemu ya katikati ya retina.

Haki itendeke: upo utafiti mdogo wa Marekani, watu 67 kwa miezi sita, ambao mchanganyiko wa virutubisho kadhaa uliboresha kidogo uwezo wao wa kutofautisha rangi na vivuli. Kowluru mwenyewe alishiriki. Ni habari inayotia moyo, lakini watu 67 ni basi moja lililojaa, na miezi sita haitoshi kujua nani atapofuka na nani hatapofuka. Kisha kuna matone ya macho. Ulaya walifanya jaribio la EUROCONDOR, watu 449, miaka miwili, kwa kutumia aina mbili za matone ya kulinda seli za fahamu zenyewe. Mwaka 2019 waliripoti kwamba kwa washiriki wote kwa ujumla hayakuleta tofauti, ila kwa wale ambao seli zao zilishaanza kulegea kikazi, hali haikuendelea kuwa mbaya. Huko ndiko ninakotazamia habari njema zitokee siku moja. Kwenye duka la dawa la mtaani kwako bado hazijafika.

Kwa nini panya wanalindwa, sisi hatulindwi? Sababu ninayoiona nzito kuliko zote ni wakati. Panya wa maabara huanza kupewa antioksidanti karibu na siku ile ile anayoanza kuumwa. Mtafiti anaijua tarehe, kwa sababu ndiye aliyemsababishia kisukari. Nani kati yetu anaijua tarehe yake? Kisukari aina ya pili hukaa mwilini miaka kimya. Uingereza, walipowachunguza macho watu waliogunduliwa kisukari hivi punde, waliojiunga na utafiti maarufu wa UKPDS, zaidi ya mmoja kati ya watatu tayari alikuwa na alama za uharibifu kwenye retina. Huyo mume wa msomaji wetu, aliyepelekwa hospitali na kidonda, kwa jicho lake huenda hayuko 'mwanzoni' hata kidogo. Neno 'kisukari cha mwanzo' kwenye lebo lina maana moja kwa panya na maana nyingine kwa baba yako.

Jambo la pili ni kwamba retina ina kumbukumbu, tena ya kinyongo. Kowluru aliwaacha panya na sukari ya juu kwa miezi sita, kisha akaishusha vizuri. Uharibifu uliendelea kama vile hakuna kilichobadilika. Panya walioshushiwa sukari mapema walinusurika zaidi. Kwa binadamu iko hivyo hivyo: vijana walioidhibiti sukari yao vizuri mapema waliendelea kufaidi macho mazuri miaka mingi baadaye, hata kipindi ambacho sukari yao ilishakuwa sawa na ya wenzao. Usome tena sentensi hiyo kama nyumbani kuna mtu anasema 'nitaanza dozi nikishamaliza mambo ya msimu huu'.

Vidonge hivi havina madhara?

Wauzaji husema ni vya asili, visiposaidia havidhuru. Mwaka 1994 Finland ilitupa somo. Wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji sigara walishiriki jaribio la beta-karotini, antioksidanti ile inayoipa karoti rangi yake, wakitarajia itawakinga na saratani. Waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18, kuliko wasiomeza. Karoti ya sokoni haijawahi kufanya hivyo. Kidonge chenye kiasi kikubwa ni kitu kingine.

Kwa mwenye kisukari kuna mengine ya karibu zaidi. Vitamini C nyingi inaweza kuidanganya mashine ya kupimia sukari, ikaonyesha namba isiyo ya kweli, na mtu akajidunga insulini kwa namba hiyo. Asidi ya alfa-lipoiki inaweza kushusha sukari ikaongezea nguvu dawa ya hospitali, mtu akatetemeka na kuishiwa nguvu usiku. Na ambaye figo zake zimeanza kuchoka hapaswi kuramba unga wowote wa majani, uwe mlonge au mwingine, kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa sababu ya madini ya potasiamu. Kama tayari mnatumia kitu, msikifiche kliniki. Lipelekeni kopo lenyewe likasomwe. Hakuna muuguzi makini atakayewagombeza kwa hilo; na akiwagombeza, bado mtakuwa mmesaidika.

Lakini dhara ninaloliogopa mimi ni la pesa na la muda. Shilingi 180,000 kila mwezi zinatosha kuihamisha familia kutoka kwenye mambo yanayofanya kazi. Na mtu anayeamini macho yake yanalindwa na kopo hana haraka ya kwenda kuyachunguza.

Kinachopunguza moshi

Turudi kwenye jiko. Ukiona moshi umejaa jikoni utafungua dirisha, sawa, lakini kwanza utapunguza kinachoungua. Mwaka 1993, Marekani na Kanada zilikamilisha utafiti wa DCCT: watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39. Waliobanwa sukari yao ikae karibu na ya kawaida walipunguza uwezekano wa kuanza kuharibika retina kwa asilimia 76. Hakuna kidonge cha antioksidanti kilichowahi kufika hata karibu na namba hiyo kwa binadamu.

Shinikizo la damu nalo husahaulika. Kwenye UKPDS, mwaka 1998, wagonjwa 1,148 wenye kisukari pamoja na presha waligawanywa makundi mawili, moja likidhibitiwa presha kwa ukali zaidi. Kundi hilo lilipungukiwa na kuzorota kwa retina kwa asilimia 34. Dawa za presha ni za bei ndogo ukilinganisha na kopo letu. Inakera kwamba mtu anaziruka wiki nzima kwa kuwa 'hajisikii vibaya', halafu anaamka alfajiri kumeza za kopo.

Kwa hiyo, mama, pesa hiyo ningeipanga hivi. Kwanza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kile cha kuchoma kidole kinakuambia ya leo asubuhi tu, na sote tunawajua wazee wanaofunga kula siku moja kabla ya kliniki. Kwa wengi lengo huwa karibu na asilimia 7, ila daktari anaweza kuweka jingine kwa mzee sana au kwa anayeshuka sukari mara kwa mara. Kisha vijiti vya kupimia nyumbani. Kisha mashine ya presha, hata ya kuchangia na jirani. Kisha nauli ya kwenda kuchunguzwa retina. Ikibaki, ada.

Tahadhari moja hapa. Kama sukari ilikuwa juu sana kwa muda mrefu na sasa inashushwa kwa kasi, hasa kwa kuanza insulini, retina iliyokwisha kuharibika inaweza kuzorota kwa muda kabla haijatulia. Hiyo siyo sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya macho kuangaliwa sasa, wala si mwakani.

Na usikimbilie miwani. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho huvimba na kusinyaa, mtu akaona ukungu leo na kesho akaona vizuri. Miwani iliyopimwa wiki hiyo haitamfaa baada ya mwezi. Subirini sukari itulie kwanza kwa wiki kadhaa.

Sahani ya nyumbani

Najua kuna atakayesema: basi antioksidanti tuzitupe? Hapana, tuzile. Luteini, ile ile waliyopewa panya wa Japani, imejaa kwenye mchicha, matembele, majani ya maboga na kisamvu. Kiini cha yai kinayo, mahindi ya njano yanayo. Kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta, mboga iliyoungwa kwa mafuta kidogo au nazi kidogo huingia mwilini vizuri kuliko ya kuchemsha kwa maji matupu. Sisemi mchicha unatibu retina. Nasema mchicha hauongezi sukari kwa kiasi cha kutisha, unashibisha, na fungu lake mnalimudu.

Samaki pia. Hispania, kwenye utafiti wa lishe wa PREDIMED, wenye kisukari waliokula samaki wa mafuta walau mara mbili kwa wiki walionekana kupata uharibifu mkubwa wa retina karibu nusu ya wasiofikisha kiasi hicho. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba samaki ndiye aliyefanya kazi, pengine wala samaki huishi vizuri na kwa mengine. Lakini vibua na dagaa wapo sokoni, na sijawahi kusikia mtu aliyejuta kula dagaa badala ya soseji.

Ninachoomba kiachwe ni ile juisi. Karoti sita, tende, embe na asali ndani ya blenda, eti ya macho. Vitamini A ya karoti humsaidia asiyeona vizuri usiku kwa sababu ya upungufu wa vitamini hiyo. Mwenye kisukari akiinywa glasi nzima asubuhi amejaza jiko mkaa kwa mikono yake. Karoti aitafune.

Nani achunguzwe, na lini

Mwenye kisukari aina ya pili achunguzwe retina mara tu anapogunduliwa, kwa sababu ile ya miaka ya kimya niliyoieleza. Baada ya hapo, kwa kawaida kila mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa kuna uharibifu. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hana haja ya kukimbizwa wiki ya kwanza, kwa kuwa kwake tarehe ya kuanza hujulikana zaidi. Uchunguzi huanza ndani ya miaka mitano tangu agunduliwe, hasa akishaanza kubalehe. Wazazi wa watoto hawa mna mzigo mkubwa, najua, na watu wanawaletea makopo kuliko wanavyowaletea msaada. Shikeni insulini na vipimo.

Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba anahitaji kuangaliwa macho mapema, ikiwezekana kabla ya kubeba mimba au katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu ujauzito unaweza kuiharakisha retina kuharibika. Hili halimhusu aliyepata kisukari cha ujauzito chenyewe, kinachoanza na mimba. Yeye ana vipimo vyake vingine, ikiwamo kupimwa sukari tena baada ya kujifungua.

Huduma hii iko kwenye kliniki za macho za hospitali kubwa: Muhimbili na CCBRT kwa Dar es Salaam, KCMC kwa Moshi, Bugando kwa Mwanza. Kilimanjaro wamekuwa na mpango wa kuwapiga picha za retina wenye kisukari, na zaidi ya robo ya waliopigwa picha walikutwa na alama za uharibifu. Ulizeni kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa wenu kabla ya kupanda basi. Uharibifu ukikutwa mapema kuna la kufanya. Leza imekuwa ikiokoa macho tangu miaka ya 1970, ikipunguza kwa nusu au zaidi upofu mkubwa kwa waliofikia hatua ya hatari, na siku hizi kuna sindano za ndani ya jicho zinazopunguza uvimbe. Ndiyo, ndani ya jicho. Linatiwa ganzi kwanza, na waliochomwa husema kuisubiri kulikuwa kugumu kuliko yenyewe.

Siku ya kwenda, mgonjwa asiende peke yake wala asiende na pikipiki yake. Atawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa ataona ukungu na jua litamuumiza. Abebe kofia au miwani ya jua. Akipimwa kwa kusomeshwa herufi tu kisha akaambiwa yuko sawa, aulize kwa upole: 'Daktari, retina yangu imeangaliwa?' Aombe majibu yaandikwe kwenye daftari la kliniki, jicho la kulia na la kushoto kila moja peke yake, pamoja na tarehe ya kurudi.